Mwezi wa Karva Chauth hauharakishwi

Swali ni moja kila mwaka, liulizwe Delhi, Nairobi au Leicester: mwezi unatoka saa ngapi? Mwanamke amefunga tangu kabla ya alfajiri, hajala, hajanywa hata funda la maji, na jua limekwisha kuzama. Kwa Mwislamu wa pwani hapo adhana imekwisha kulia na tende imekwisha kutiwa kinywani. Kwa Mhindu wa Punjab aliyefunga Karva Chauth, magharibi ni kituo tu njiani. Anayemfungulia mlango ni mwezi, na usiku huo mwezi hutoka kwa kuchelewa.

Karva ni gudulia dogo la udongo lenye mdomo wa kumiminia. Chauth ni "ya nne". Ni siku ya nne ya mwezi unaopungua, baada ya mwezi mpevu, ndani ya mwezi wa Kartik kwa hesabu ya India ya kaskazini. Mgujarati akitazama kalenda yake ukutani ataikuta siku hiyohiyo imeandikwa ndani ya mwezi wa Aso, kwa sababu kwao mwezi wa kalenda huisha giza linapotimia, na kaskazini huisha mwezi ukiwa mpevu. Jina la mwezi hutofautiana, siku ni ileile. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 20 Oktoba, mwaka 2025 tarehe 10 Oktoba, na mwaka 2026 ni tarehe 29 Oktoba. Diwali hufuata siku kumi au kumi na moja baadaye.

Mke humfungia mume: maisha marefu, afya, ndoa isiyovunjika. Anayeombwa ni mungu wa kike Parvati, ambaye naye kwa masimulizi alimpata mume wake, Shiva, kwa kufunga na kuvumilia, na pamoja naye Shiva mwenyewe na watoto wao Ganesha na Kartikeya. Rajasthan humwita mama huyo Chauth Mata, na kijiji cha Chauth ka Barwara, wilaya ya Sawai Madhopur, kina hekalu lake juu ya kilima.

Tusiwabebeshe Wahindu wote desturi ya wachache. Hii ni sikukuu ya Punjab, Haryana, Delhi, Himachal, Rajasthan, Uttar Pradesh na majirani zao. Maharashtra wake hufunga Vat Purnima na kuuzungushia mti wa mbaniani nyuzi; Watamil wana Karadaiyan Nombu. Afrika Mashariki, ambako Wahindu wengi ni Wagujarati, utakuta wasichana wakishika Jaya Parvati, siku tano bila chumvi, na mikesha ya usiku wa mwisho. Karva Chauth huku ilikuja hasa na Wapunjabi, ambao wengi wao waliletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, na wale waliowafuata. Siku hizi wake wa Kigujarati nao wengi wanafunga, na sinema za Bombay za miaka ya 1990 zina mchango mkubwa hapo.

Turudi kwa mwezi, maana huko ndiko watu wanakokosea.

Siku ya Kihindu, tithi, haianzi usiku wa manane wala jua linapozama. Tithi moja ni muda ambao mwezi huachana na jua kwa nyuzi 12 angani. Kwa kuwa mwezi haukimbii kwa kasi moja, tithi huweza kuwa ya saa 19 au ikafika 26. Kanuni ya Karva Chauth ni kwamba ile ya nne iwe inaendelea mwezi unapochomoza. Mara nyingi hakuna mzozo. Mwaka 2025 ulikuwepo: kwa saa za India, tithi ya nne ilianza tarehe 9 Oktoba saa 4:54 usiku, mwezi wa usiku huo ukiwa umekwisha kutoka, ikaisha tarehe 10 saa 1:38 usiku, na mwezi wa Delhi ukatoka saa 2:13. Jioni ya kwanza tithi haikuuwahi mwezi, ya pili ilikuwa imekwisha kupita. Katika hali hiyo hutazamwa tithi iliyokuwepo jua lilipochomoza, ndiyo maana India ilifunga tarehe 10. Lakini New York tithi hiyohiyo ilianza tarehe 9 saa 7:24 mchana na kuisha tarehe 10 saa 4:08 asubuhi, kwa hiyo mwezi wa jioni ya tarehe 9 ulikuwa ndani yake kabisa. Aliyefunga Marekani kwa kunakili tarehe ya Delhi alifunga siku moja nyuma ya kanuni yake mwenyewe. Wanaobishana kuhusu mwandamo wa Ramadhani, wa kufuata Makka na wa kufuata upeo wa macho wao, hawana cha kuwacheka Wahindu hapa.

Saa nazo zina mitego yake. Mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Lakini vuli inapoingia kaskazini mwa dunia, njia ya mwezi hulala karibu na upeo wa mashariki, kwa hiyo kuchelewa kwake kwa siku hupungua, na kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo kunavyopungua zaidi. Karibu na ikweta njia hiyo husimama wima, na mwezi unachelewa kwa kipimo chake chote. Tarehe 20 Oktoba 2024 Delhi waliuona saa 1:54 usiku, saa mbili na dakika chache baada ya jua kuzama. London ulitoka saa moja na kitu tu baada ya magharibi. Nairobi walingoja kama saa tatu nzima, hadi karibu saa tatu na nusu usiku. Basi mfungaji wa Nairobi au Dar es Salaam ana ngoja ndefu kuliko wa Punjab, ingawa jua lake huzama karibu saa ileile mwaka mzima.

Makosa mawili huzaliwa hapo. La kwanza ni kuchukua "saa 1:54" ya Delhi na kuitumia Nairobi kama ilivyo. Huyo hufungua saa moja na nusu kabla ya mwezi. La pili ni la mjanja anayebadili saa za India kuwa za Afrika Mashariki kwa kutoa saa mbili na nusu. Huyo hujikuta saa 11:24 jioni, jua bado linawaka. Mwezi hutoka kwa kila mji peke yake. Tafuta kalenda inayokubali uandike jina la mji wako, kisha jumlisha nusu saa, kwa sababu saa iliyoandikwa ni ya upeo ulio tambarare. Mwezi hupanda karibu nyuzi 15 kwa saa, na ghorofa la jirani au kilima huweza kula dakika 40 kwa urahisi. Mombasa na Dar wana bahati: mashariki kwao ni bahari, na mwezi huonekana tangu ukiwa mwekundu juu ya maji.

Utazame wapi? Aliyezoea kutafuta hilali ya Idi atageukia magharibi kwa mazoea, na atangoja hadi asubuhi. Huu ni mwezi unaopungua. Tazama mashariki, ukielekea kidogo kaskazini. Umejaa bado, zaidi ya sehemu nane za kumi, na huku kwetu ikweta hutoka ukiwa kama umemegwa juu, sehemu ya chini ikiwa nzima. Ukiona mwezi mwembamba, huo si wenyewe.

Mawingu yakitanda, na Oktoba ni mwanzo wa vuli yetu, haina maana ya kukesha. Saa ya mji wako ikishapita kwa muda wa kutosha, elekea upande wa mwezi utoe maji ya ibada. Wengine hutazama hilali iliyochorwa kichwani pa Shiva kwenye picha ya ibada. Linalokatazwa na masimulizi ni kudanganywa, si kukosa kuona.

Masimulizi yenyewe ni haya. Veeravati alikuwa dada mmoja wa kaka saba, na mfungo wake wa kwanza aliufungia kwao. Jioni akalegea kwa njaa. Kaka zake, kwa huruma, wakawasha moto nyuma ya mti wa pipali na kuushikia chekeche mbele, nuru ikapenya kwenye majani kama mwezi. "Dada, umetoka." Akala. Tonge la kwanza lilikuwa na unywele, la pili akapiga chafya, la tatu habari ikafika kwamba mume amekufa. Katika masimulizi ya Kipunjabi mume, ambaye ni mfalme, analala mwili mzima umejaa sindano, naye hukaa mwaka mzima akizichomoa moja moja. Iliyobaki ya mwisho huchomolewa na mjakazi alipokuwa yeye ametoka, mfalme akaamka na kumdhania mjakazi ndiye mke. Inampasa kufunga tena, safari hii hadi mwezi wa kweli. Naipenda hadithi hii kwa sababu wakosaji wake si waovu. Ni jamaa wanaompenda, na huruma yao ndiyo inayoharibu. Kila mwaka katika kila nyumba yupo kaka wa namna hiyo, anayesema "funga lakini kunywa maji kidogo, nani anaona?"

Sasa matayarisho. Kwa Wapunjabi siku huanza na sargi, chakula cha alfajiri ambacho mama mkwe humtayarishia mkaza mwana. Ni daku kwa maana zote, na huliwa kama saa kumi hadi saa kumi na moja, kabla mwanga haujapasuka. Katika sinia huwamo matunda, lozi na korosho, nazi, vitamu, mathri (vibiskuti vya chumvi vya kukaangwa), na pheni: tambi nyembamba kama uzi, zilizokwisha kukaangwa kwa samli. Pheni hazipikwi. Gramu 50 kwa mtu mmoja hutiwa kwenye maziwa ya moto, kama mililita 250, zikaachwa dakika mbili tatu. Ukizichemsha zinakuwa uji. Uttar Pradesh na Rajasthan nyumba nyingi hazina sargi kabisa, kwa hiyo usishangae mwanamke wa Jaipur akikuambia haijui.

Kosa la sargi ni kuigeuza karamu. Mathri na viazi vya chumvi vina utamu alfajiri na hulipwa kwa kiu saa sita mchana. Kula kinachokaa tumboni: ndizi, maziwa, chapati, lozi, mtindi. Maji yagawanye tangu usiku uliotangulia. Lita nzima uliyoimimina kwa mkupuo saa kumi na nusu itakuwa imekwisha kutoka kufikia saa tatu asubuhi. Na wale wa chai vikombe vitano kwa siku ndio wanaolala kitandani jioni wakishika kichwa, wakidhani ni njaa. Ni chai. Kichwa cha kukosa kafeini huanza baada ya saa 12 au zaidi, sawasawa na wakati wa ibada. Punguza kikombe kimoja kila siku kwa siku nne tano zinazotangulia.

Hina nayo ina hesabu. Rangi yake haiivi siku unayoiosha; hukolea kwa siku moja au mbili baadaye. Anayetaka mikono iwake jioni ya mfungo apake siku mbili kabla, aiache saa sita hadi nane, akwangue bila kuiosha kwa maji. Na piko nyeusi ya haraka, ile inayochanganywa na rangi ya nywele, kaa mbali nayo. Watu wa Zanzibar wanajua malengelenge yake.

Gudulia la udongo linavuja. Si bovu, ndiyo tabia ya udongo usiopakwa. Liloweke majini usiku mzima, lifute, kisha weka kisahani chini yake. Nyumba nyingi hutumia mawili: moja la maji au maziwa, la pili la ngano, na juu ya kifuniko sukari au mchele. Uttar Pradesh huchomeka vijiti vya tete mdomoni mwake. Usipopata karva, la shaba linatosha, na hata bilauri ya shaba hutumika.

Alasiri wake wa Kipunjabi hukaa duara, kila mmoja na sinia lake: taa ya samli, gudulia, matunda, vitamu, na kile atakachompa mama mkwe, kiitwacho baya. Mmoja, kwa kawaida mzee, husimulia hadithi. Kisha masinia huzunguka, wote wakipokezana kwa pamoja na kuimba, mara saba. Katika mizunguko sita wimbo hukataza: usisokote uzi, usitunge sindano, usimbembeleze aliyenuna, usimwamshe aliyelala. Wa saba huyafungua yote. Ukiikumbuka hadithi ya mfalme wa sindano, makatazo hayo yanaacha kuwa kichekesho.

Waandaaji husahau hesabu ndogo. Duara la wanawake 12 lina mipokezano 84 hadi mizunguko saba itimie. La 30 lina 210, na kwa sekunde tano kila mmoja ni dakika 17 na nusu za kupitisha taa zinazowaka mbele ya watu wenye njaa. Masinia hugongana, mtu akapitisha mawili kwa pamoja, na mwisho kila mmoja ana sinia la mwenziwe. Gawa watu katika duara za kumi hadi kumi na mbili, na kubalianeni mapema upande wa kuzungusha.

Taa hula samli. Nairobi usiku wa baridi samli huganda ndani ya kisahani na utambi ukazimika ukiwa juu ya paa. Iyeyushe kwanza, utie vuguvugu, utambi ujitokeze kama sentimita moja. Chekeche la kutazamia mwezi liwe la waya na ukingo wa chuma. Ya plastiki huyeyuka. Matundu yasiwe ya unga laini sana, kwa sababu taa iliyowekwa juu ya chekeche humulika waya na kuziba kila kilicho nyuma yake. Watu hulaumu mawingu kumbe ni taa yao. Isogeze ukingoni, au iweke kwenye sinia chini kidogo. Na jambo la uzito: mtandio wa shifoni unaoning'inia, upepo wa paani na moto wazi ni mchanganyiko mbaya. Bana mtandio kwa pini begani kabla hujawasha chochote.

Mwezi ukionekana, mke huutazama kupitia chekeche, humimina maji kwa mkondo mwembamba kuelekea mwezi, yakiwa na tone la maziwa, punje za mchele na maua, kisha humtazama mume. Mume humnywesha funda la kwanza na kumlisha kitamu. Hapo ndipo picha zinapigwa na hapo ndipo tumbo linapoteswa. Funda mbili tatu, kipande kidogo, ngoja dakika kumi na tano, ndipo chakula chepesi. Puri na paneer juu ya tumbo lililokauka saa 16 au zaidi humrudisha mtu chooni badala ya mezani.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye figo: mfungo mkavu si wake, na daktari aulizwe kabla ya mama mkwe. Desturi yenyewe ina mlango. Wengi hufunga kwa maji, maziwa na matunda, na makasisi hawaoni kasoro. Kuona kizunguzungu au mikono kutetemeka saa tisa alasiri si jaribu la imani, ni ishara ya kufungua papo hapo.

Kuna wanaouliza kwa nini afunge mke peke yake, na mjane awekwe kando na duara. Swali ni la haki, na jibu la "ndivyo tulivyokuta" halitoshi. Waume wengi wa mijini sasa hufunga pamoja na wake zao. Lakini upande wa pili nao upo: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana ilitupa ombi la mtu aliyetaka mfungo huu uwe lazima kwa wanawake wote, wajane wakiwemo. Kuwalazimisha ni namna mbaya zaidi ya kuwaingiza.

Aliyeanza hutegemewa aendelee maisha yote, ila ipo njia ya kuufunga mlango kwa heshima, iitwayo udyapan. Wake 13 hualikwa, kila mmoja akipelekewa popoo moja kama mwaliko. Katika sinia hupangwa mafungu 13, kila moja puri nne na halua kidogo, hutolewa sadaka kwa mama mkwe pamoja na nguo, kisha wale 13 hulishwa. Baada ya hapo mwenye umri au ugonjwa anaweza kufunga kwa wepesi, au asifunge.

Na gudulia lisitupwe asubuhi. Siku tatu au nne baadaye huja Ahoi Ashtami, mfungo ambao mama huufunga kwa ajili ya watoto, na nyumba nyingi hutumia karva ileile. Maji yake ya siku hiyo huhifadhiwa hadi Diwali, yakanyunyizwa nyumbani.